Kinyonga Ampandisha Mama Mkwe

Kuna watu wakipenda kitu hukipenda kimya kimya, na kuna Taratibu. Fundi huyu akifurahi mtaa mzima ulijua, kwa sababu aliimba huku kichwa kimezama ndani ya boneti, na sauti ikatoka huko na mwangwi wake kama ya mtu aliyefungiwa kwenye pipa. Jina la Taratibu alipewa na wateja. Ukienda kumuuliza gari lako litakuwa tayari lini, jibu ni lile lile: "Taratibu, ndugu yangu, taratibu." Lakini huyo huyo mpe usukani uone. Taratibu yake yote huiacha getini.

Gereji yake ilikuwa ni ua wa nyumba. Paa la bati upande mmoja, benchi la mbao lenye jiriwa ya kubania vyuma, matairi yaliyopangwa mpaka yakawa ukuta, na juu ya yote hayo kamba ya nguo ya mkewe. Ndiyo maana mashati ya nyumba ile, hata yakipigwa pasi vipi, yalinukia petroli kwa mbali. Na katikati ya ua, mahali ambapo mkewe alitaka kupanda maua tangu aolewe, alikaa Kinyonga.

Kinyonga alikuwa gari la zamani lenye mgongo mrefu, la kubebea familia na mizigo yake. Mlango huu wa kijani, ule mweupe, boneti rangi ya udongo, na buti la rangi ambayo hata Taratibu mwenyewe hakuwa na jina lake. Kila kipande kilitoka kwenye gari lake tofauti. Wenye midomo walisema jina linaufaa mwendo pia. Hao hawakuwa wamempanda tangu afungwe tabo.

Tabo hiyo ina hadithi yake. Ujanani Taratibu alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, akiihudumia injini yenye kelele kiasi kwamba sikio lake la kulia lilistaafu kabla yake. Siku moja, akiwa tayari ni fundi wa magari na baba wa watoto, akaiokota tabo kwenye mabaki ya gari lililopata ajali. Alirudi nayo nyumbani ameifunga kwenye taulo, ameikumbatia kifuani. Mkewe akadhani ni mtoto wa mtu. Akafunua taulo.

"Baba watoto, umeniletea konokono?"

"Si konokono, mama watoto. Tazama vizuri. Hapa moshi unaotoka kwenye injini unazungusha kifeni hiki. Kifeni hiki kinazungusha chenzake upande wa pili. Na chenzake kinapuliza hewa kwenye injini, kama wewe unavyopuliza jiko."

"Kwa hiyo moshi unarudi kufanya kazi?"

"Unarudi kufanya kazi!"

"Basi ungejifunza kwa huo moshi," mkewe akasema, "paa la jikoni bado linavuja."

Tangu siku ile alimfunga na kumfungua Kinyonga mara nyingi, na kila alipomfunga alimpenda upya. Mkewe naye alihesabu maua ambayo hayajapandwa.

Sasa, huyu mke alikuwa na mdogo wake, na mdogo wake alikuwa na mume, na mume huyo waliitana na Taratibu "mwanyumba," kama inavyowapasa wanaume waliooa ndugu. Watu walimwita Bwana Mpya. Viatu vyake vipya, saa yake mpya, na pikapu yake mpya hata nailoni za viti alikuwa hajazitoa. Yeye na mkewe walijenga juu kabisa, kwenye kilima cha tangi la maji, na wakaongeza chumba chenye baraza la jua kwa ajili ya mama mkwe. Nyumba ya mama kule bondeni ilikuwa na unyevu, magoti yakaanza kulalamika. Shauri likapitishwa kwamba mama ahamie kilimani siku ya Jumamosi. Likabaki swali la usafiri.

"Nitamfuata mimi," akasema Bwana Mpya, siku walipokaa wote sebuleni kwake. "Pikapu yangu haina historia."

"Mama atapanda na Kinyonga," akasema Taratibu.

Bwana Mpya akacheka mpaka nailoni ya kochi ikacheka naye. "Mwanyumba! Kile kilima kinataka gari, hakitaki maonyesho ya rangi."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mfupi, mpana, mikono mapajani. Maisha yake yote alikuwa mkunga, na nusu ya watu wa bonde lile aliwapokea yeye. "Mimi nipandisheni chochote," akasema, "alimradi kiende."

Hapo ndipo damu ilipompanda Taratibu kichwani, majirani wakichungulia dirishani. Akasimama. "Nasema mbele ya mama. Kinyonga asipomfikisha mama mpaka mlangoni kwa nguvu zake mwenyewe, bila kamba, bila kusukumwa, basi Jumatatu mwenye vyuma chakavu aje amchukue!"

Mkewe, ambaye aliisubiri sentensi hiyo miaka na miaka, aliinua kichwa polepole. "Rudia kidogo, baba watoto. Hawa wa dirishani hawajasikia vizuri."

Akarudia. Neno likishatoka mbele ya mama mkwe halirudi kinywani, hata ulivute kwa winchi. Na mkewe siku hiyo hiyo akampigia simu mwenye vyuma chakavu.

Wiki nzima Taratibu akalala na kuamka na Kinyonga. Tatizo alilijua. Ile hedi, kifuniko cha chuma kinachokaa juu ya silinda, ilishawahi kupinda kwa joto, na kila ilipopinda aliipeleka kukwanguliwa ikae sawa. Ukikwangua, chumba cha moto kinapungua. Chumba kikipungua, kompresheni inapanda: hewa na petroli vinabanwa pale ndani kama nguo kwenye sanduku la msafiri mchoyo. Ongeza na tabo inayosukuma hewa zaidi, umekalia sanduku hilo watu watatu. Siku moja bawaba zitaruka.

Kwa hiyo akachukua bamba la shaba, akakata gasketi mpya kwa mkono, nene kuliko ya kawaida, akaiweka kati ya hedi na bloku, yaani kiwiliwili cha injini, ili kuongeza nafasi. Aliisugua mpaka inang'aa. Mkewe akapita na beseni la nguo, akajitazama humo, akatengeneza nywele, akaendelea na safari.

Kazi ya pili ilikuwa taimingi, yaani kupanga cheche ya plagi iruke wakati gani.

"Ni kama kumsukuma mtoto kwenye pembea," akamweleza mkewe, ingawa mke hakuuliza. "Pistoni ndiye mtoto, cheche ndiyo mkono wako. Ukimsukuma anapoanza kuondoka, anaruka vizuri. Ukichelewa, unasukuma hewa, pembea inapoa. Lakini ukiwahi, yeye bado anakuja kwako nawe unamsukuma, hapo je?"

"Ananivunja viganja."

"Ndiyo injini kugonga! Na tabo ikipuliza, moto unashika upesi zaidi, kwa hiyo mkono lazima usubiri kidogo."

Alilijua somo. Angeweza kulifundisha. Lakini jamani, mapenzi. Kinyonga akiwa amesimama uani, bila mzigo, ukiiwahisha cheche kidogo tu, alitoa mngurumo laini, mtamu, kama paka aliyeshiba. Taratibu akalegeza nati, akaigeuza kidogo distribyuta, kile kichwa chenye nyaya kinachogawa moto kwenye plagi, akasikiliza kwa sikio lake la kushoto, akatabasamu. Akaigeuza tena kidogo. Paka akashiba zaidi. Akaenda barabara ya tambarare, peke yake garini, akarudi anaimba.

"Umempima kilimani?" mkewe akamuuliza.

"Sikiliza tu anavyounguruma!"

"Wewe unatengeneza gari la kuungurumia getini tu," akasema mkewe, akaendelea kuanika.

Jumamosi asubuhi jua likatoka zuri. Mama mkwe alikuwa amejiandaa, na mizigo yake imejiandaa mlangoni: cherehani yenye miguu ya chuma, sanduku la bati, kitanda kilichofunguliwa vipande, masufuria yaliyovaana, magunia mawili ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuuliza ndani mna nini, na jogoo kwenye tenga. Taratibu akamwamkia kwa kuinama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hiki ndicho?" Akamzunguka Kinyonga kama anayemkagua mama mjamzito. "Mbona kila upande una baba yake?"

Mkewe akacheka mpaka akashika mlango. Wakapakia. Springi za nyuma zikasema maneno yao. Mama akakaa mbele, mke akabanwa nyuma kati ya cherehani na jogoo, wakaondoka. Tambarare yote Kinyonga alinguruma kwa utamu wake, na Taratibu alitamani mama aseme neno.

"Mnyama mpole," mama akasema. Taratibu akawa mrefu kwenye kiti.

Kisha kilima kikaanza.

Akakanyaga mafuta. Gari likahisi uzito wa mama, wa mke, wa cherehani, wa yale magunia ya siri. Tabo, ambayo tambarare ilikuwa inasinzia, ikaamka na kupiga filimbi. Na papo hapo chini ya boneti kikaanza kitu kingine: kreke, kreke, kreke, kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Hata sikio lililostaafu lilikisikia. Taratibu akaondoa mguu. Ukiendelea hapo, pistoni inatoboka, na hadithi imekwisha. Kinyonga akapunguza, akapunguza, akakohoa, akazima. Kisha akaanza kurudi nyuma.

"Jiwe!" Taratibu akapiga kelele. Mkewe akaruka nje, akaokota jiwe, akaliweka nyuma ya tairi. Wakasimama, kilima kirefu mbele yao, tangi la maji linawatazama kule juu.

Nani atokee hapo? Pikapu inang'aa, honi mbili.

"Shikamoo mama! Mwanyumba, kamba ninayo. Mpya."

"Weka kamba yako," akasema Taratibu.

"Sawa. Nawasubiri kwenye kona ya tangi, nipige picha mkipita. Mkipita, lakini." Akaondoka na kicheko chake.

Taratibu akafungua boneti, akainama juu ya injini ya moto, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuimba. Alijua kosa lake. Gari tupu kwenye tambarare halikupi habari yoyote, tabo haipulizi. Alipanga cheche kwa ajili ya utamu wa masikio, na sasa mzigo umekuja na injini inavunja viganja. Dawa ni kuirudisha cheche nyuma. Lakini kiasi gani? Akirudisha kidogo mno, itagonga. Akirudisha kupita kiasi, gari litalala, litachemka, na halitafika popote. Katikati kuna mahali pamoja padogo, na mahali hapo husikika tu gari likiwa linapanda, limebeba.

Akatoa kwenye buti chombo chake: kipande cha bomba la shaba alichokibamiza upande mmoja ili kifungwe kwenye bloku ya injini, na mpira mrefu wa kupitisha mpaka kwa dereva. Ukiweka mpira sikioni, mgongano mdogo kabisa unakuja. Akaufunga. Lakini yeye ndiye dereva, na sikio la upande wa pili limestaafu, na la kushoto lilikuwa linaomba likizo.

"Mama watoto, sikiliza wewe."

Mkewe akaweka mpira sikioni, Taratibu akalipandisha gari hatua chache kilimani. "Unasikia nini?"

"Kila kitu kinagonga humu! Nianze na kipi?"

Mama mkwe muda wote alikuwa akiutazama ule mpira. "Hebu nipe," akasema.

"Mama, usijisumbue..."

"Nipe mwanangu. Nimesikiliza matumbo ya watu maisha yangu yote kwa pembe ya mti, itanishinda hii?" Akaufuta mpira kwa kitambaa chake, akauingiza sikioni, akafumba macho. "Mama mjamzito tumbo lake lina kelele nyingi. Njaa iko mle, gesi iko mle, mama mwenyewe anaongea. Wewe unamtafuta mmoja tu. Haya, twende."

Taratibu akawasha. Mke akatoa jiwe. Kinyonga akajikaza, tabo ikapiga filimbi.

"Simama!" Mama akainua kidole. "Yuko mtu anabisha hodi. Haraka haraka, mwenye hasira."

Taratibu akashuka mbio, spana mkononi, akageuza distribyuta unywele mmoja, akarudi mbio. Wakapanda tena kidogo.

"Bado. Hasira zimepungua, lakini bado anabisha."

Akashuka, akageuza, akarudi. Mke nje anatupa jiwe na kulitoa, anatupa na kulitoa, jasho linamtiririka, na sasa, ajabu, alikuwa anacheka. Wapita njia wakaanza kusimama. Mwenye toroli akaegesha toroli.

"Sasa?"

"Kimya. Ameondoka." Mama akakunja uso. "Lakini mbona kama wote wamelala mle ndani? Hana nguvu huyu."

"Nimepitiliza!" Taratibu akajipiga paji la uso. Akashuka, akarudisha mbele nusu ya unywele, hata nati nayo ikashangaa. Wakapanda.

Mama akasikiliza. Akasikiliza. Uso wake ukaanza kufunguka kama anayesikia kitu kutoka mbali sana, kisha karibu sana.

"Huyu hapa," akanong'ona. "Anakwenda vizuri. Nguvu anazo, habishi hodi. Baba, hapo usimguse tena."

"Mama una hakika?"

"Mimi huwa nauliza mara mbili? Kaza hiyo nati yako twende!"

Akakaza. Wakarudi chini mpaka mwanzo wa kilima, kwa sababu kilima kile kilitaka gari lianze na kasi. Mke akaingia na jiwe mkononi, hakuwa na muda wa kulitupa. Taratibu akavuta pumzi, akakanyaga.

Kinyonga akaondoka.

Jogoo ndiye aliyejua wa kwanza, akawika. Filimbi ya tabo ikapanda, ikapanda, ikawa kama birika lenye habari njema. Masufuria yakapiga ngoma. Kile kilima, ambacho muda mfupi uliopita kilikuwa ukuta, kikaanza kuingia chini ya boneti kama mkeka unaokunjwa. Mwenye toroli akashangilia kwa mikono yote miwili, toroli likateremka bila yeye.

"Anabisha, mama?"

"Habishi! Mwongeze!"

"Mama!" mke akapiga kelele kutoka nyuma. "Mama, shika kitu!"

"Nimeshika mpira! Mwongeze, mwanangu, anataka mwenyewe!"

Taratibu akaongeza. Gia ya pili, ya tatu, gia ya tatu kwenye kilima kile, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Alicheka, mama akacheka, mke akacheka huku amelikumbatia jiwe kama mtoto. Kwenye kona ya tangi Bwana Mpya alikuwa amesimama na simu yake tayari, ameiegemea pikapu, tabasamu limekaa mahali pake. Picha aliyoipiga ipo mpaka leo. Ina vumbi, nusu ya mlango wa kijani, na mkono wa mama mkwe umetoka dirishani unapunga.

Mlangoni pa nyumba mpya, yule mdogo wake mke wa Taratibu alikuwa amesimama na ufagio. Kinyonga akampita. Siyo kwa dharau, ni kwamba gia ya tatu ilikuwa imenoga. Taratibu akafunga breki mbele ya nyumba ya jirani, akarudi nyuma polepole, kwa heshima zote, mpaka mlango wa mama ukatazamana na mlango wa nyumba. Bila kamba. Bila kusukumwa. Akazima. Kukawa kimya, isipokuwa jogoo, ambaye tenga lake lilikuwa limefunguka na sasa alikaa begani kwa mke.

"Mama, tumefika," akasema Taratibu.

Mama mkwe hakutoa mpira sikioni. "Nimeona," akasema. "Zunguka tena."

"Mama?"

"Zunguka tena, sikumsikiliza vizuri kwenye kona."

Bwana Mpya akawasili, akashuka, akamtazama Kinyonga, akaitazama pikapu yake, na akafanya jambo ambalo Taratibu hakulisahau: akauliza kwa upole, "Mwanyumba, hivi konokono huyo anaweza kufungwa na kwangu?"

"Taratibu, ndugu yangu," akajibiwa. "Taratibu."

Jumatatu mwenye vyuma chakavu alikuja kweli na gari lake na mizani yake, maana aliitwa na mtu aliyemaanisha. Akamkuta Taratibu peke yake uani, kichwa kwenye boneti ya mteja, anaimba. Katikati ya ua palikuwa patupu, na kwenye ule mchanga uliolowa mafuta mtu alikuwa amepanga mawe kuzunguka kitalu kidogo, kando kabisa, kiasi cha kuliachia gari nafasi.

"Nimeitwa kuchukua gari," akasema mwenye vyuma.

"Halipo," akasema Taratibu. "Chukua hizo gasketi nyembamba kwenye kona, usirudi mikono mitupu."

"Liko wapi?"

Taratibu akainua kidole angani. Kutoka kilimani, kwa mbali, ikasikika filimbi ya tabo inapanda, laini, haibishi hodi kwa mtu.

"Mama watoto amekwenda kumjulia hali mama yake," akasema. "Tangu asubuhi hii ni mara ya tatu."